Samaki Wakubwa Peke Yao

Mimi ni mtu wa mgombani. Nimezaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako maji ni ya mfereji, na samaki tulimjua akiwa amekaushwa, amefungwa kwenye gazeti, ameletwa na basi kutoka mbali. Kwa hiyo sura ya 5 ya Injili ya Luka niliihubiri kwa miaka mingi kama mtu anayeeleza nchi ambayo hajafika. Simoni na wenzake walikesha bila kupata kitu. Kwa neno la Bwana nyavu zikajaa hata zikaanza kukatika. Kisha wakaacha vyote wakamfuata. Sisi wahubiri tunapenda kukaa kwenye zile nyavu zilizojaa. Samaki waliobaki ufukweni bila mwenyewe hatuwaulizi.

Aliyenionyesha namna nyingine ya kuutazama wingi hakuwa mwalimu wa theolojia, ingawa nilikutana naye nikiwa katika chuo cha theolojia. Alikuwa fundi mstaafu wa kukereza vyuma, mwenye miaka 78, mzee wa kanisa katika usharika mdogo wa Kilutheri mjini Philadelphia, Marekani. Chuo kilinipeka pale kufanya mazoezi ya uchungaji kila Jumapili. Jina lake nitaliacha, maana hakupenda kutajwa hata kwenye matangazo ya shukrani. Nilimwita Babu kama tunavyoita kwetu, na alipoelezwa maana yake akaafiki.

Katika chumba cha chini ya nyumba yake kulikuwa na meza ya ufundi, taa moja, na rili zaidi ya thelathini zimepangwa kwenye rafu. Rili ni kile kifaa kinachofungwa kwenye ufito wa kuvulia, chenye mkono wa kuzungushia, kinachokunja na kukunjua mshipi. Zile za asili ni kama kigurudumu: ukirusha chambo, au samaki akivuta, gurudumu lote linazunguka. Rili za Babu zilikuwa za namna nyingine. Bobini husimama tuli, na mshipi huchomoka kupitia ukingo wake, duara baada ya duara, kama uzi unavyochomoka kwenye koni ya cherehani. Kina mama mnaoshona mtanielewa upesi kuliko kina baba. Wala si ajabu, kwa sababu Mwingereza aliyepewa hataza ya rili ya namna hii mwaka 1905, Alfred Holden Illingworth, alikuwa mtu wa viwanda vya nguo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili rili hizi zilienea katika pwani ya mashariki ya Marekani. Kutoka Ufaransa zilikuja Mitchell, zilizotengenezwa Cluses, mji wa mafundi wa saa katika milima ya Alps. Babu alikuwa nazo mbili za maji ya chumvi, namba 302, na alipozizungusha alinitaka ninyamaze nisikilize gia. Lakini moyo wake ulikuwa kwa Penn, kiwanda kilichoanzishwa palepale Philadelphia mwaka 1932 na Otto Henze, mhamiaji kutoka Ujerumani. Mwaka 1961 Penn walianza kuuza rili za bobini tuli walizoziita Spinfisher, na zile za mwanzo zilipakwa rangi ya kijani. Ya kwake, namba 704, ilikuwa imenizidi umri. Rangi ilikuwa imechubuka pale kidole kinapokaa. Kila aliporudi kutoka baharini aliisuuza kwa maji baridi, na kila majira ya baridi aliifungua yote, akafuta grisi ya zamani, akapaka mpya. “Chumvi haina haraka,” aliniambia, “ndiyo maana inashinda.”

Jambo ambalo alitumia muda mrefu kunifundisha lilikuwa breki. Katika bobini zimo washa za chuma na za kitu laini, zimepangwa kwa zamu, na juu yake kuna kifungo cha kukazia. Ukikaza, samaki anapata shida kuvuta mshipi. Ukilegeza, anaondoka nao. Mtu asiyejua atakaza hadi mwisho, maana anataka samaki asiende. Babu alifunga ncha ya mshipi kwenye mizani ya kupimia samaki, akaniambia nivute huku nikisoma namba. Ikiwa mshipi unahimili ratili 20, yaani kama kilo 9, breki ianze kuachia kwenye ratili 5 au 6. Robo au theluthi, basi. Kilichobaki kinaachwa kwa ajili ya mawimbi, mawe, na ile nguvu ya ghafula ya samaki anapouona ufuko. Hivyo ndivyo mshipi wa ratili 20 unavyoweza kumleta nchi kavu samaki wa ratili 50. Unamleta kwa sababu ulikubali aende, mara nyingi, bila kumwachia kabisa.

Nilimwambia habari ya nabii Hosea, sura ya 11, jinsi Mungu anavyosema kwamba aliwavuta watu wake kwa kamba za upendo. Babu akafikiri, akasema labda kamba hiyo nayo ina breki. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kuwarudi washarika tangu siku ile, na nimeketi na wazazi wengi ambao kijana wao ameacha kanisa. Baadhi yetu tungefaidika tukishikishwa ile mizani.

Ukutani palikuwa na picha moja tu. Babu yuko kijana wa miaka arobaini na kitu, amevaa suruali ya mpira inayofika kifuani, amesimama juu ya mawe yenye maji, na kwa mikono miwili ameshika samaki ambaye mkia wake unagusa mawe. Ni besi wa milia, samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari saba au minane myeusi ubavuni. Uzito wake ulikuwa ratili 56, zaidi ya kilo 25. Mwaka ni 1981.

Alinisimulia usiku ule mara tatu, na kila mara sikuchoka. Ni mwezi wa kumi na moja, upepo unatoka kaskazini mashariki. Watu wazima wenye familia wamesimama gizani kwenye ukuta wa mawe unaoingia baharini, viatu vina meno ya chuma ili wasiteleze, wimbi likija wanainama wote pamoja. Hakuna anayewasha taa. Anarusha samaki wa mti aliyechongwa na kupakwa rangi, anakunja polepole, anarusha tena, na mara breki ya ile 704 inalia kama kitambaa kinachochanwa. Yule samaki alichukua zaidi ya mita mia kabla ya kugeuka. Ilikuwa kama nusu saa, na wenzake walikunja mishipi yao wote wakamsubiri, hilo nalo lilimgusa.

Ilikuwa miaka ya samaki wakubwa. Rekodi ya dunia ya besi wa milia aliyevuliwa kwa ufito ilikuwa imekaa tangu 1913, Charles Church alipompata wa ratili 73 huko Cuttyhunk, kisiwa cha Massachusetts. Ilidumu karibu miaka 70. Kisha mwaka 1981 akapatikana Montauk, New York, samaki wa ratili 76. Na usiku wa tarehe 21 Septemba 1982, katika dhoruba, Al McReynolds akiwa kwenye ukuta wa mawe wa Atlantic City, New Jersey, akapata wa ratili 78 na nusu, zaidi ya kilo 35, kwa rili ya Penn ya bobini tuli. Rekodi hiyo ilikaa hadi 2011, Greg Myerson alipoipita kwa samaki wa karibu ratili 82 katika pwani ya Connecticut. Babu na wenzake waliposikia habari ya Atlantic City waliona kwamba wanaishi katika siku njema kuliko baba zao. Kila mmoja wao alikuwa na picha yake ukutani.

Kumbe bahari ilikuwa inakwisha.

Besi wa milia huishi baharini lakini huzaliwa mtoni. Sehemu kubwa ya wale wa pwani ile huzaliwa katika mito inayoingia ghuba ya Chesapeake, wengine katika mto Hudson na mto Delaware, huu unaopita Philadelphia. Jimbo la Maryland, tangu mwaka 1954, limekuwa likituma watu kila majira ya joto kukokota wavu mdogo katika maji ya kina kifupi, sehemu zilezile, ili kuhesabu samaki wachanga waliozaliwa mwaka ule. Mwaka 1970 wachanga walikuwa tele ajabu. Baada ya hapo idadi ikashuka, mwaka hadi mwaka, na uvuvi haukupungua. Besi wa milia anaweza kuishi miaka 30. Kwa hiyo wachanga walipokosekana, wakubwa waliendelea kuonekana kwa muda mrefu, na kila mwaka walikuwa wakubwa zaidi, kwa sababu ni walewale, wamezeeka. Mvuvi aliyewahesabu kwa ratili aliona baraka. Wale wenye wavu mdogo waliona jambo lingine.

“Tulikuwa tunavua babu na bibi,” Babu aliniambia, “tunapiga nao picha.”

Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kumlinda besi wa milia. Kuanzia 1985 Maryland ilifunga kabisa uvuvi wake, na haikufungua hadi 1990. Watu ambao babu zao walikula kwa samaki huyo waliweka nyavu ghalani miaka mitano. Walikuwepo waliolia na waliotukana, na walikuwa na haki ya kulia. Samaki walirudi, mwaka 1995 ilitangazwa rasmi kwamba wamepona. Sisemi kwamba habari iliishia hapo, maana tangu 2019 hesabu ya wachanga huko Maryland imekuwa mbaya tena, na sheria za sasa zinamtaka mvuvi amrudishe yule mkubwa.

Karibu wote wanaofikia uzito ule ni majike. Wavuvi wa kule humwita jike mkubwa “ng'ombe”, na mmoja anaweza kubeba mayai mamilioni. Babu alipolijua hilo aliacha kuwachukua, kabla sheria haijamlazimisha. Nilimfungulia Kumbukumbu la Torati 22, ile amri ndogo ambayo wengi huipita: ukikuta kiota njiani, usimchukue mama pamoja na makinda, mama mwache aende zake, upate heri na siku nyingi. Ahadi ileile iliyotolewa kwa anayewaheshimu baba na mama inatolewa hapa kwa sababu ya ndege. Babu aliisoma mara mbili akashangaa kwamba miaka 78 ya ibada haikuwahi kumsomea. Nikamuuliza, je, picha ile ukutani? Mbona hakuishusha? Akajibu, “Alikuwa samaki mzuri, na mimi nilifurahi. Vyote viwili ni kweli.”

Mwezi Novemba 2014 alinichukua hadi Island Beach, ukanda mrefu wa mchanga wa New Jersey usio na nyumba, ambao mwisho wake unaona mnara wa taa wa Barnegat ng'ambo ya maji. Alinipa ile 704. Nilivaa suruali ya mpira, na baridi ile sijaijua hata Kibo. Saa mbili nzima sikupata kitu. Walau hapo nilifanana na Simoni. Kisha ufito ukainama na breki ikalia, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kile kifungo. “Usiguse,” alisema nyuma yangu. “Nimeshapima. Mwache aende.” Akaenda. Nikamwona mshipi ukipungua kwenye bobini hadi nikaanza kuomba kimoyomoyo, na sitaandika hapa niliomba nini. Alipogeuka nikakunja, akaenda tena, nikakunja tena. Wimbi lilipomleta mchangani alikuwa inchi 38, karibu mita moja. Sheria ya wakati ule iliniruhusu kumchukua. Babu alisimama kimya, hakunitazama, alitazama bahari. Nilimshika kwa mikono miwili ndani ya maji, kichwa kikielekea wimbi, nikamsikia akipata nguvu taratibu, na alipopiga mkia alinimwagia maji usoni.

Baadaye kidogo Babu alipata wa inchi 14, mdogo kama sahani ya chakula. Nilitarajia amrushe majini bila neno. Alimgeuza huku na huku, akahesabu mistari yake, akaniita nije nione. Sijamwona akifurahi vile mbele ya ile picha.

Nimeeleza haya yote ili mweze kuelewa mkutano mkuu wa usharika uliofanyika Januari 2015, nikiwa nimeketi nyuma kama mwanafunzi asiye na kura. Walutheri wa Philadelphia ni wa zamani: sinodi ya kwanza ya Kilutheri katika Amerika ya Kaskazini ilianzia pale mwaka 1748. Kanisa lile lilikuwa na nafasi ya watu 600, kinanda cha mabomba, vyombo vya fedha vya Meza ya Bwana, na mfuko mnene wa urithi ulioachwa na waliolala. Mgeni angesema hapa pana neema. Jumapili walikuja watu 31, na aliyekuwa mdogo kuliko wote, ukiniacha mimi, alikuwa na miaka 59. Ubatizo wa mwisho wa mtoto ulikuwa miaka sita nyuma. Lakini kila Jumapili mchana, katika ukumbi wa chini, walikutana Walutheri kutoka Liberia waliokodi kwa bei ndogo, wapatao 80, na watoto wao walipiga kelele hadi vioo vikatetemeka. Wazee wa juu walilalamikia kelele hizo kwa miaka mingi.

Mbele ya mkutano kulikuwa na njia mbili. Urithi ungetosha kumlipa mchungaji na kupasha joto jengo kwa miaka kumi hivi, hadi wa mwisho azikwe. Au usharika ufungwe, na jengo pamoja na fedha vikabidhiwe kwa wale wa chini. Babu, aliyebatizwa pale, akafunga ndoa pale, na kumzika mkewe kutoka pale, alisimama akaongea dakika mbili. Hakutaja Biblia. Alieleza habari za wavuvi wa Maryland, akaketi.

Mama mmoja wa miaka 85 akamgeukia. “Na mimi nitazikwa na nani?” Hakuwa anabishana, alikuwa anauliza.

Babu alinyosha kidole kuelekea sakafuni, kule chini. “Na hao,” alisema.

Kura zilikuwa 22 kwa 9. Sidhani kwamba kila usharika wa wazee ufungwe, na nimewahi kuwaona viongozi wakilitumia neno “vijana” kama panga la kuwakatia wazee. Waliopiga zile kura tisa walikuwa waumini wema. Mama yule alilia ibada nzima ya mwisho, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nilirudi nyumbani mwaka uleule. Kanisa letu la Tanzania halina shida ya viti vitupu. Shida yetu ni kuongeza vibanda vya turubai nje. Kwenye taarifa za mwaka tunasoma sadaka, harambee, jengo jipya, wageni waalikwa. Tunasoma ratili. Katika usharika wangu niliomba taarifa ianze na ukurasa mmoja: watoto wa shule ya Jumapili, kila mtaa, majina si namba; waliobarikiwa kipaimara miaka mitatu iliyopita, na wangapi kati yao walishiriki Meza ya Bwana mwaka huu. Mzee mmoja wa baraza, ninayemheshimu sana, alisema ukurasa huo unavunja moyo wa watoaji. Mwaka wa kwanza kweli ulivunja moyo. Kati ya vijana 64 wa kipaimara tuliweza kuwaona 19. Tangu hapo wainjilisti wawili wa mitaa hutembea kila mwezi Juni wakiwatafuta, nyumba kwa nyumba, vijiweni, hadi stendi ya bodaboda, na hawaendi na karipio wala kitabu cha ahadi. Mwaka jana tuliwaona 41.

Babu aliniandikia barua kila Krismasi hadi alipofariki. Katika ile ya mwisho alisema amewagawia watu rili zake, na ile 704 amempa mvulana wa miaka 12 wa usharika wa Waliberia, ambaye bibi yake hupika wali wenye pilipili inayomtoa machozi. Walikwenda wote wawili Island Beach mwezi Oktoba. Mvulana alipata samaki wawili wadogo, akawarudisha, akataka kujua watakuwa wakubwa lini. Breki ilikuwa inashikashika, aliandika Babu, kwa hiyo alikuwa amekata washa mpya na kumwonyesha mvulana namna ya kuzipanga.